Geti la Bluu

(Anwani naiacha wazi, sababu utaiona.)
Tarehe 11 Julai

Mpendwa Kaka,

Hujambo? Wifi na watoto hawajambo? Na mgongo wako, baridi ya huko imeuachia? Mimi mzima. Mkono umeunga, ila kidole cha mwisho kimegoma kukunja. Nakula, nalala. Hasira tu ndiyo haijapoa, na ndiyo inayoandika barua hii.

Ulikuwa unalia kwenye simu siku ile nilipokupigia kutoka nyumba ya hifadhi, ile ya wanawake wanaokimbia vipigo. Askari wa kike wa dawati la jinsia la polisi ndiye aliyenipeleka, mkono alionivunja mume wangu ukiwa kwenye plasta. Mlezi wa nyumba tulimwita Mama Funguo, maana funguo zote zilining'inia shingoni mwake hata akienda kuoga. Sharti lake lilikuwa moja: usimwambie mtu nyumba ilipo. Nawe ukanibana, eti utalalaje hujui nilipo. Nikaona aibu kumficha mtu tuliyenyonya naye ziwa moja. Nikakwambia: nyuma ya karakana ya mbao, geti la bluu.

Siri haikulala kwako, Kaka. Ulimpa mume wangu, eti mwanamume mzima analia, eti yaishe kifamilia.

Alikuja mchana kweupe, shati limepigwa pasi, kreti ya soda mkononi. Hakutukana. Alisimama getini akaangua kilio: "Jamani, namtaka mke wangu! Shemeji mwenyewe ndiye kanielekeza!" Majirani wakamwonea huruma. Fundi mbao akamletea kiti. Kiti, Kaka! Mimi nilikuwa chini ya meza ya kukatia vitambaa, nimejiziba mdomo kwa sare ya shule tuliyokuwa tunaishona, nimejikojolea. Sioni haya kukuandikia. Haya zikushike wewe.

Nyumba ikishajulikana haifai tena. Kesho yake tulihamishwa wote, pamoja na binti aliyetoka kujifungua, mshono haujakauka, akipanda gari la mizigo kwa magoti. Yeye hakuwa amemwambia mtu. Cherehani tuliziacha.

Mama Funguo hakunigombeza. Aliniuliza nilimwambia nani, nikasema kaka yangu.

"Wa tumbo moja?"

"Ndiyo."

Akaguna, akaendelea kufunga magodoro. Mguno ule ninao mpaka leo.

Usiniambie ulitaka mema, najua ulitaka mema. Lakini picha ya mkono wangu nilikutumia, ukaiona, kisha ukajitia hamnazo kwa sababu shemeji yako anajua kuongea vizuri.

Nisalimie Mama, mwambie nimenenepa. Wifi mwambie sweta lake ndilo nililolivaa sasa hivi. Watoto wabusu kwa niaba yangu. Mungu akulinde huko uliko, akupe kazi isiyokuvunja mgongo. Hilo namwomba hata siku ninazokununia.

Usihangaike kusoma muhuri wa posta, bahasha imetumwa kutoka kwingine kabisa. Shemeji yako atakupigia tena, namjua. Akikuuliza niko wapi, mwambie ukweli kama kawaida yako.

Hujui.

Wako akupendaye bado,
Mdogo wako