Karatasi ya Mwanaidi Haichaniki

Alhamisi, Hale. Jua leo limewaka vizuri, masinia yote yamekauka mapema, na mimi nimenuna tangu mchana.

Nina wivu. Basi, nimeandika.

Mwanaidi, jirani yangu, kaanza kutengeneza karatasi za mwani baada ya kuniona mimi. Mimi ndiye niliyeagiza mwani Tanga, nikajifunza kwenye simu kuuchemsha, kuumwaga kwenye sinia na kuuanika mpaka uwe kama nailoni, ila huu ukiutupa unaoza. Tatizo unachanika. Nikatia singa za mkonge, si zimejaa huku kwetu? Zikakaa kama nywele kwenye uji. Karatasi ikawa inachanika pembeni mwa kila singa.

Leo tumepeleka za kwetu Segera kwa Mama Rukia, anayewauzia abiria kachori. Anatafuta cha kufungia. Kafunga, kavuta. Yangu, chwaa! Ya Mwanaidi wala.

"Ya huyu ngumu, ila inanuka mwani," akasema. "Yako Saidi hainuki, ila abiria atabaki kashika matambara. Mngekuwa mtu mmoja ningempa binti yangu!"

Akacheka, akachukua ya Mwanaidi. Kasema ataijaribu hadi Jumapili, halafu ataamua anunue kwa nani.

Wakati wa kurudi nikajikaza, nikamuuliza singa kazifanyaje.

"Nimezikatakata, nikachemsha na magadi, nikatwanga. Zinalainika kama mlenda, we hujui?"

Magadi! Yapo jikoni kwa mama tangu nizaliwe. Nimekula mlenda maisha yangu yote, jibu nikalitafuta kwenye simu.

"Na yako mbona hainuki?" akauliza.

"Sijui. Bahati tu."

Uongo. Mwani wangu nauloweka kwenye maji ya ndimu mpaka harufu iishe.

Sasa hivi singa zangu zinachemka na magadi. Ujuzi wake nimeuchukua, wangu nimeuficha. Lakini akijua ndimu si ndo kanimaliza? Mama Rukia atanitafutia nini tena?

Roho inaniuma. Sipendi anavyocheka bila wasiwasi. Sipendi kwamba kaniambia bila hata kufikiria.

Nimemtumia meseji: "Ni ndimu." Haraka, kabla sijaghairi.

Kajibu hapohapo: "Najua. Niliionja karatasi yako, ina uchachu. Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe. Kesho njoo na sufuria, tupike karatasi moja ya wote."

Hata hapo kanizidi, jamani.

Naenda. Lakini sinia langu ndilo kubwa.