Uliandika "Mzima Kabisa"

Siongiroi, 12 Februari 2025

Ndio shemeji, naona. Si hiyo ndio ulikuwa unauliza simu ikakatika? Nakuandikia karatasi juu skrini inanichoma macho. Mimi niko mzima kabisa. Sijui nyinyi huko Kericho, dada yangu Chemutai na watoto?

Lakini wiki imeisha tangu mnipige leza machoni hapo kliniki, na ile mashine mpya ya kutoboa kitundu kidogo tu. Miwani nene kama chini ya chupa nimetupa, sawa, lakini taa ya pikipiki bado inamea manyoya kama jogoo. Asubuhi kukiwa na ukungu sokoni naona fahali wawili penye kuna mmoja. Jana niliuliza bei ya yule wa pili! Mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini. Mimi pia nilicheka, lakini dalali asiyeona meno ya ng'ombe atauziwa ng'ombe mzee kama nyanya yake akiambiwa ni mtamba.

Wewe ndio unaandika majibu ya wagonjwa kwa fomu. Andika yote, daktari aone.

Shemeji wako,
Aron

Kericho, 15 Februari

Shemeji Aron,

Pokea salamu zetu, Chemutai na watoto wako poa. Nimefikisha. Daktari anasema ni kawaida, vumilia. Wale wa mashine ya zamani, ya kukata ngozi ya juu ya jicho ifunguke kama kifuniko, wanalia macho imekauka. Tunalinganisha nani anaona vizuri mapema, na nyinyi wa kitundu mnaongoza!

Shemeji wako,
Nyamweya

Siongiroi, 10 Machi

Shemeji, habari ya nyumba? Mimi niko mzima kabisa. Lakini yule fahali wa pili hajaenda, hata ameongeza mwili. Andika hiyo pia.

Shemeji wako,
Aron

Siongiroi, 20 Mei

Nyamweya, leo sikusalimii.

Jana nilikuja kliniki, wakasema umetumwa Chepseon. Sista Metrine akanisomea faili yangu. Wiki ya kwanza: "Mzima kabisa." Baada ya mwezi: "Mzima kabisa." Basi!

Hiyo ni salamu, bwana! Kwetu hata mtu akiumwa na nyoka anasema mzima kwanza, ndio aonyeshe mguu. Umeoa kwetu miaka tisa, hujui? Daktari anasema angesikia wiki ile angenipatia matone makali, huu ukungu wa macho uishe. Sasa hajui kama utaisha. Hajawahi kusikia neno langu hata moja. Na wewe uliniambia ni yeye amesema vumilia.

Aron

Kericho, 23 Mei

Shemeji,

Nimesoma nikashindwa kula. Daktari alitaka mashine mpya ishinde, na mimi ni kibarua, kila mwezi naomba nirudishwe kazini. Kwa fomu sikudanganya, shemeji. "Mzima kabisa" uliandika na mkono wako. Usimwambie Chemutai, tafadhali.

Shemeji wako,
Nyamweya

Siongiroi, 26 Mei

Nyamweya,

Mkono ni wangu, kweli. Kalamu iliyosimama hapo ikakataa kuendelea ni yako.

Nimecheka na watu wote mwaka huu, wewe umenishinda. Lakini mimi ni dalali, wacha tuongee kidalali. Alhamisi nakuja. Tunaingia kwa daktari wawili, na wewe unamsomea barua zangu na mdomo wako, mpaka mwisho. Kama umezichoma, sema hivyo mbele yake. Na mgonjwa mwingine yeyote uliyemkata maneno, unamtaja, apigiwe simu kabla macho yake iharibike. Mimi nitasema umenileta mwenyewe, sikukushika. Chemutai hatasikia kwangu.

Ukikataa naingia peke yangu, na jina shemeji utaliacha hapo mlangoni.

Tumekubaliana?