Jeni Iliyochelewa Kufunguka

Kulwa, pacha wangu,

Leo rangi ya njano imetokea. Nimeiona ndani ya kibomba cha maabara, nikageuka nikuambie, na wewe hupo. Tangu tulipokuzika Mkolani ninageuka hivyo kila mara, kama mjinga.

Ulinicheka sana. "Doto, yaani umekwenda chuo kikuu ukakande maandazi?" Nami nikakujibu kwa hotuba, kama kawaida yangu: kwamba hamira ni kiumbe hai, kwamba ndani ya kila chembe yake uzi wa vinasaba umezungushwa kwenye vidonge vya protini, kama nyavu ulizokuwa ukizishona na kuzikunja pale mwaloni, wavuvi wanaposhusha samaki. Wavu uliokunjwa haukamati hata kisamaki kama furu, na jeni iliyokunjwa haisomeki. Lakini mnyime hamira fosfeti, madini anayoishi kwayo, akae na njaa: mashine ndogo za protini zitaitwa, zitatumia nguvu za chembe kuvisukuma vidonge kando, uzi utakuwa wazi, na jeni itawaka, itoe kimeng'enya kinachoigeuza dawa ya kupimia kuwa njano. Ndiyo njano ya leo.

Siku ile umelala, selimundu imekuvimbisha magoti, uliniuliza hayo yanakuhusu nini. Nikakwambia: tulipokuwa tumboni mwa Mama tulikuwa na jeni nyingine ya damu, isiyozipinda chembe nyekundu kama mundu. Tulipozaliwa ikafungwa. Bado unayo, Kulwa! Haijapotea, imefungwa tu! Ukasema, "Basi hao hamira wako wakishajua kufungua, waambie wapite na huku kwetu. Mimi sina haraka."

Ulikuwa na haraka. Mungu wangu, ulikuwa na haraka.

Katika kibomba cha pili niliweka hamira wasio na mojawapo ya mashine hizo. Jeni ni nzima, njaa ni ile ile. Rangi ikachelewa. Nikalia mbele ya watu, kwa maana ndivyo ulivyokufa: damu ya kukuongezea ilikuwapo, ikitembea katika mishipa ya watu mjini Mwanza, nayo ikachelewa. Mimi niliyepanda juu ya meza ya bwalo nikaongoza mgomo wa chuo kizima sikuweza kukupatia chupa moja. Sauti hii ilikuwa ya nini?

Mama ananisihi niache masomo. Anasema maabara haikumponya mwanawe. 

Lakini sitaacha. Nakuahidi: meza ile nitaipanda tena, niwaite wenzangu watoe damu, na hamira hawa nitawachunguza mpaka nijue namna ya kufungua kilichofungwa. Haitakufaa wewe. Hilo ndilo linaloniua.

Pumzika, Kulwa. Ulitangulia kuzaliwa, na huko pia umetangulia. Mama anaita kutoka uani. Ananitaka mimi, lakini ametaja jina lako, kama afanyavyo siku hizi.

Naenda kuitika.

Doto