Mwizi wa Kisima Chetu

Kismayu,
Jumatatu, 9 Februari 2026

Mpendwa mwanangu Layla,

Asalaam aleikum. Natumai hapo Mombasa mko wazima, wewe na mamako, na kwamba goti lake linamruhusu kusujudu. Sisi huku tunapumua. Mkazamjomba wako Saada presha imempanda, na sababu utaiona mbele.

Barua hii nampa Bakri baharia akuletee mkononi. Sikutuma ujumbe wa sauti kwa kuwa simu yako mamako huisikiliza kabla yako.

Yale masomo yako ya uhalifu unayonirekodia nimeyasikiliza mara nyingi, dukani, nikiwa sina mteja. Nimeelewa kwamba wapo wataalamu waitwao wahalisia, nao wamegawanyika. Wa kulia wanasema mwizi hupiga hesabu kama mfanyabiashara: akiona ukuta umeanguka na hapana anayejali, huingia. Basi jenga ukuta, weka kufuli, weka mlinzi. Wa kushoto wanasema sawa, lakini muulize kwanza alikuwa akitazama nini kabla hajaiba. Na wa kushoto hao wanasisitiza kwamba wizi ni wizi kweli, na anayeumia zaidi ni maskini mwenzake. Nilicheka, nikasema watu wamekesha vyuoni miaka yote hiyo kuugundua mtaa wetu. Sasa sicheki.

Mwanangu Idarus yuko ndani. Ameiba pampu ya maji.

Nyumba ya babu yako unaijua kwa hadithi tu. Tulipokimbia vita mwaka wa tisini na moja, waliingia watu wengine. Tuliporudi tukapanga chumba ng'ambo ya barabara, tukawa majirani wa nyumba yetu. Anayekaa humo sasa ni Abdisalam, mtoto wa wale walioingia, aliyezaliwa katika chumba kilekile alimozaliwa mamako. Si mtu katili. Kisima alichochimba babu yako amekifungia pampu, maji anawauzia wenye mikokoteni ya punda, nasi tunanunua kwao.

Mimi nilikwisha zoea. Idarus hana kazi, akawa kutwa yuko barazani anatazama maji ya babu yake yakipita kwa punda. Wenzako wa kushoto wana jina la hali hiyo. Sisi tunaiita kijicho, mtu akiwa hana haki ya kitu. Akiwa nayo, sijui tunaiitaje.

Mvua za vuli zikaangusha pembe ya ukuta, na hapana aliyeijenga. Hapo wenzako wa kulia nao wakapata lao: Idarus alipitia pembe hiyo, akaing'oa pampu, akaiuza sokoni.

Mtaa mzima ukakosa maji. Abdisalam ana gari, aliagiza maji kwingine. Waliotembea na madumu ni majirani, na Saada mmojawapo. Kabla hajamjua mwizi alimlaani vizuri sana. Alipomjua, alimsimamia mlangoni, lafudhi ya kwao ikamtoka.

"Mchu mzima wewe! Umemwibia Abdisalam au umeniibia mimi?"

"Nimechukua chetu, mama."

"Haya, nipe hicho chetu nikipikie."

Kesho yake askari wakaja kumchukua.

Nilikwenda kituoni. Wengine wakikamatwa, wazee wa ukoo wao hujaza ua mpaka askari wakose pa kusimama. Askari akaniuliza wazee wetu wako wapi. Nikamwambia, ni mimi. Akachungulia nyuma yangu, asije akawavunjia heshima waliobaki.

Ikanibidi niende kwa Abdisalam. Ukuta umekwisha jengwa, na juu yake vipande vya chupa. Alinipa chai sebuleni mwa baba yangu, akaniita adeer, yaani ami, kwa adabu zote.

"Adeer, pampu nimeisamehe. Lakini mwanao anasema mbele ya watu kwamba kisima ni chenu. Anayeiba namsamehe. Anayedai nitamwachaje?"

Anataka Ijumaa, baada ya swala, nisimame mbele ya wazee wa mtaa niseme nyumba na kisima ni vyake, na sisi hatudai. Nikisema, Idarus atalala nyumbani. Nisiposema, atabaki ndani mpaka wamchoke, na asiye na watu hachokwi upesi.

Nikamwambia mna fungu la dada yangu mle. Akasema, "Basi muulize." Kwa upole, kama mtu anayenisaidia.

Simuulizi, Layla. Najua atakavyojibu, na najua yuko sahihi. Bakri anang'oa nanga Alhamisi, na nimemchagua yeye kwa sababu si mwepesi wa kufika. Utakapoisoma hii nitakuwa nimekwisha sema. Wataalamu wako wana dawa ya mwizi na dawa ya ukuta. Dawa ya mwenye mali sikuisikia. Labda sauti ilikatika.

Nisalimie Tasnim na wanawe, na mzee Abdulrazaq wa msikitini kwenu. Saada anakusalimu, ingawa haongei na mimi. Mola awape makao ambayo hapana wa kuwauliza ni ya nani.

Mamako umsomee akiwa amekwisha kula. Mwambie fungu lake nimelitoa bila idhini yake, na kwamba mtoto, inshallah, yuko nyumbani. Anza na hilo la mtoto.

Mjombako akupendaye, asiye na hila iliyobaki,
Fumo