Dada, Mchoro wa Ukata Sasa Unazunguka

Dada Yustina,

Shikamoo. Nimekaa kwenye meza yako, chumba kile cha mbele hapa Mbinga, mvua imekatika sasa hivi. Mama hajambo. Bado anatutumia dagaa wa usipa kutoka Mbamba Bay kwa basi dogo la asubuhi, na mara mbili amesahau akaandika jina lako juu ya mfuko. Sikumwambia.

Nimekuandikia kwa sababu mchoro wa wodi ya wazazi ya kijiji cha Ukata sasa unazunguka kwenye skrini.

Unakumbuka tulivyohangaika. Programu yetu ya kuchorea ilikataa mfumo mpya wa kompyuta, ukatengeneza kompyuta pepe, kompyuta ndani ya kompyuta, ukaweka humo mfumo wa zamani. Programu ikafunguka, tukapiga vigelegele. Lakini kila tukiligeuza jengo tuone upande wa pili, picha iliganda, ikaruka, ikaganda tena. Ukasema, "Anjela, kadi ya picha ipo, imekaa bure. Kompyuta pepe haijui kama ipo." Kisha ukaugua.

Baada ya mazishi sikugusa kitu. Mpaka kamati ya Ukata ikapiga simu: wanataka kuliona jengo kabla ya kuchimba msingi, na ramani ya karatasi hawaielewi. Niliona aibu. Nikawasha mpangilio wa kuharakisha picha, ule unaoiruhusu kompyuta pepe kutumia kadi ile, nayo ikagoma kabisa kuwaka. Siku tatu, dada! Ule ujumbe wa kosa niliusoma hadi nikaukariri, na siku ya tatu ndipo nikauelewa. Kadi ya picha haitafanya kazi mle ndani wakati skrini ya kompyuta pepe imeachwa wazi kutazamwa kutoka kompyuta nyingine kupitia mtandao.

Na aliyeiacha wazi ni wewe. Ulipokuwa huwezi tena kuinuka, ulitaka kuona ninachochora, ukiwa kitandani na laptop yako. Nilikuwa nachora huku, nasikia sauti yako kutoka chumbani: "Dirisha hilo umelishusha mno!"

Mkono ulikataa. Najua hakuna anayetazama tena. Lakini kuifunga mimi mwenyewe... Nilitoka uani, nikageuza kahawa iliyoanikwa, nikalia, nikarudi. Nikaifunga. Nikawasha.

Jengo likazunguka. Laini, bila kukwama hata kidogo. Nililizungusha mpaka chai ikapoa.

Jumamosi kamati ilikuja. Nikawaingiza mlangoni, tukapita koridoni, mpaka chumba cha kujifungulia, wote wameinamia skrini. Mama Kristina, yule mkunga mstaafu, akanishika bega: "Simama hapo, mwanangu. Machela ikitoka hapa itakata kona vipi?"

Nikapima. Isingepita. Mlango ule mimi na wewe tuliuchora mara nne bila kuona! Nikasogeza ukuta palepale wakitazama. Mama Kristina akasema, "Hapo sasa mtu anazaa." Wakacheka wote, na mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu uondoke.

Msingi unachimbwa wiki ijayo. Kwenye ramani jina lako liko juu ya langu.

Pumzika, dada yangu. Jumatatu wanaanza wasichana wawili wanaotaka kujifunza kuchora. Nakuahidi nitawafundisha kila ulichonifundisha, ila sitawanyang'anya mausi ya kompyuta wakikosea, kama ulivyokuwa ukinifanyia.

Mdogo wako,
Anjela