Baba Amemwita Mama Kwenye Jumba la Mawe

Jumamosi, Agosti. Majimbo, Embu.

Baridi. Mawingu yamekaa juu ya mji tangu asubuhi, na ile mvua ya rasharasha ambayo hailoweshi mtu wala haiishi.

Leo nimempeleka Mama kuonana na Baba.

Nikiandika hivyo inaonekana jambo dogo. Lakini Mama ana miaka sabini na kitu, na mwezi wa nne alikuja kwangu kutoka nyumbani kwao Githongo, upande wa Meru, "kukaa wiki moja." Hiyo wiki haijaisha mpaka leo.

Hakupigwa. Hakufukuzwa. Nikimuuliza ananijibu, "Nimechoka, Makena," kisha anaendelea kuchambua maharagwe. Ndugu yangu aliye Timau hunipigia simu kila Jumapili: wewe ndiye mkubwa, fanya kitu. Kitu gani, hajawahi kusema.

Wazo la kwenda Meru lilikuwa la Baba. Alipiga simu katikati ya wiki, akasema tukutane kwenye lile jumba la mawe, nyumba kongwe kuliko zote pale mjini, ambalo siku hizi ni makumbusho. Wakati Baba na Mama wanaoana lilikuwa ofisi ya serikali. Babu alikuwa amekataa harusi ya kanisani, kwa hivyo walienda kwa DC, mkuu wa wilaya, wakaweka sahihi, wakanywa soda, wakarudi nyumbani kwa miguu.

Hadithi hiyo sikuwahi kuisikia. Nilimuuliza Mama kama ni kweli.

"Ii," akakubali. "Soda ilikuwa moja."

Nakiri hapa kwamba nilifurahi kama mtoto. Niliona mwanaume anayekumbuka mahali kama pale lazima awe amepata la kusema. Leo tumeondoka Embu mapema, tukanywa chai Chuka, na njia nzima nilikuwa nikimpangia Baba maneno kichwani.

Tumemkuta ameshafika. Koti la kanisani, kofia mkononi, mfuko wa nduma za shambani miguuni. Amekonda. Kola ya shati ilikuwa imejikunja upande mmoja. Nilitamani kuinyoosha, nikamwona Mama naye anaitazama, mikono yake kaizamisha ndani ya mifuko ya sweta.

Wakasalimiana kwa mkono kama watu wa kamati.

Binti anayetembeza wageni alitupeleka ndani. Nyumba yenyewe si kubwa. Kuta ni nene, ndani kuna baridi kuliko nje, na vyumba vimejaa vibuyu, mikuki, vigoda na ngozi. Yule binti alieleza vizuri sana na hakuna aliyemsikiliza. Baba alisimama katikati ya chumba kimoja, akaonyesha sakafu kwa kofia.

"Ilikuwa hapa. Meza ya DC."

"Ni chumba kile kingine," Mama akasema. "Nilikuwa natazama nje dirishani. Kulikuwa na mti."

"Hapa."

"Kile kingine."

Binti akasema kwa adabu kwamba yeye hajui, na kwamba atatungojea nje.

Baba akanigeukia. "Makena, mwambie mama yako arudi nyumbani."

Mama alikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa. "Mwambie nasikia," akasema.

Nilisimama pale, mtu mzima, mwenye watoto, ambaye ofisini naitwa madam, nikageuza shingo kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine.

Ndipo Baba akamtazama mwenyewe. "Mama Makena, nimekukosea nini?"

Mama alifikiri kwanza. Nilimwona anafikiri. Hakuwa na nia ya kumkomoa.

"Ule mwaka wa operesheni yangu," akasema, "ulikuja wodini mara moja. Ukaniuliza ufunguo wa stoo uko wapi."

"Kahawa ilikuwa inaharibika."

"Najua. Nikakuambia uko wapi, ukaenda. Na sikukasirika, Baba Makena. Nilikuja kushtuka baadaye sana, kwamba hata sikukasirika. Nimekupikia maisha yangu yote na hujawahi kuniuliza kama mimi nimekula."

Baba alivaa kofia, akaivua tena.

"Sikujua huwa inaulizwa," akasema.

Hakuwa anajitetea. Hilo ndilo lililonimaliza nguvu. Baba yake hakuuliza, na yeye angejifunzia wapi? Alisema ukweli wake wote, na ulikuwa umechelewa.

"Najua hukujua," Mama akamjibu, kwa upole.

Wangepigana ningewaamua. Mmoja angekuwa mwongo, ningemkemea hata kama ni mzazi. Lakini wote wawili walikuwa wanasema kweli, ndani ya chumba ambacho huenda hata sicho.

Nikaanza kulia.

Wakageuka wote wawili, wakaniuliza kwa pamoja nina nini.

Baadaye tuliketi barazani. Baba alimkabidhi Mama nduma. Akauliza ndama anayekataa kunywa maziwa kwenye ndoo afanyiwe nini, na Mama akamweleza kila kitu: achovye vidole kwenye maziwa, amnyonyeshe vidole, kisha ateremshe mkono polepole mpaka ndani ya ndoo. Baba alisikiliza huku akiitikia kwa kichwa. Niliomba kimoyomoyo Mama aseme, ngoja nije nikuonyeshe.

Hakusema.

Baba akasema atatupigia. Akaondoka kuelekea stendi ya magari ya Githongo, na sisi tukashika njia ya Embu. Tulipopita Nkubu Mama akasema, "Amekonda." Nikauliza kama anataka tugeuze gari. Akasema hapana, niangalie barabara.

Sijui niombe nini. Nikiomba arudi, namwombea Mama maisha aliyoyaacha kwa miguu yake mwenyewe. Nikiomba abaki, namwona Baba peke yake jikoni, hajui hata chumvi inakaa wapi. Na ukweli mwingine, ambao kwa ndugu yangu siwezi kuusema: nimezoea kurudi kutoka kazini nikamkuta Mama. Sitaki aende.

Jioni hii ameniita chumbani kwa Kendi, binti yangu, ambaye amekuwa akilala naye kitanda kimoja.

"Mwezi ukiisha nitafutie kitanda changu," akasema. "Huyu mtoto anapiga mateke."

Nimesema sawa, Mama.

Sasa nimeketi sebuleni na simu mkononi. Baba bado anadhani leo yalikuwa mazungumzo ya kwanza kati ya mengi. Kesho ni Jumapili, ndugu yangu atapiga, na mimi sitakuwa na neno jipya. Kati yetu sote, ni nani atakayemwambia Baba habari ya kitanda?