Pleti Zilizopakwa Rangi Mara Mbili

Jumatatu, 3 Februari

Wewe uliyeokota daftari hili, tafadhali lifunge. Kama umeshasoma mstari huu, basi ishia hapo. Na kama huwezi kuishia hapo, nakuomba sana: lolote lililomo humu lisimfikie Mama, lisifike kazini masijala, na Kaka asilisikie kabisa. Kaka hasa.

Mambo yenyewe ni haya. Tangu apate kiharusi mwaka jana, Baba hawezi kusimama mwenyewe. Kila asubuhi jirani yetu, fundi bomba, hupita kwetu kabla ya kazi, humtoa kitandani na kumweka kwenye kiti cha magurudumu. Jirani anahama tarehe kumi na tano mwezi ujao. Jana Kaka kaja, kakaa, kasema kwa ile sauti yake ya mwenyekiti wa kikao: siku hiyo kama hakuna mtu wa nyumba hii wa kumwinua mzee, anamchukua kwake. Mwendo wa saa sita kwa basi. Mama akasema mzee hatadumu kule. Nikajikuta nasema nitamwinua mimi.

Kaka alicheka. "Wewe? Mdogo wangu, jalada likinenepa kidogo unaita mhudumu."

Ni kweli. Lakini amejuaje?

Leo mchana nafungua mkoba nitoe kalamu — kikaratasi! Anwani ya jimu, mtaa wa nyuma ya ofisi yetu, na namba ya simu. Herufi kubwa tupu, kama za mtu anayeficha mwandiko. Namba saba imekatwa kistari katikati. Nani kakiweka? Mkoba wangu haukai mbali nami.

Jumatano, 5 Februari

Nimeenda. Nilipita mlangoni mara tatu kwanza.

Chumba kirefu, sakafu ya mpira, kioo kimepasuka pembeni. Kocha ni mfupi, shingo hana, kichwa kimekaa moja kwa moja juu ya mabega. Kaniuliza nataka nini. Nikasema kuinua kilo hamsini na nane. (Baba alipimwa kliniki mwezi uliopita.) Sikusema za nini. Akanitazama, akauliza: "Ataweza kukushika shingoni?"

Sikumwambia kama ni mtu!

Nikamuuliza kama anamjua kaka yangu. Kasema hamjui. Alijibu haraka mno.

Leo hakuna pleti, zile sahani za chuma za kuongeza uzito; chuma kitupu tu, kilo ishirini. Kuchuchumaa kikiwa mabegani. Kukitoa sakafuni hadi mapajani. Kukisukuma juu kutoka kifuani. Kukivuta tumboni nikiwa nimeinama. Anasema haya manne ndiyo nguzo, maana mwili mzima unafanya kazi pamoja, na anayeanza hahitaji vitu ishirini. Miguu upana wa nyonga. Chuma kikaribie miguu. Vuta pumzi, kaza tumbo, mgongo usijikunje. "Sukuma sakafu," anasema. "Usivute chuma. Sukuma sakafu."

Pale dirishani alikuwepo mwanamume mmoja mnene, wote wanamwita Bonge. "Dada," kasema, "hiyo siyo kamba ya kuanikia nguo, mbona unaishika kwa vidole?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, nisionekane.

Ijumaa, 7 Februari

Siwezi kukaa. Siwezi kusimama nikishakaa. Masijala wameniuliza nimeanguka wapi. Nimesema ngazi.

Kocha anasema maumivu haya ni ya kawaida, ya siku mbili tatu. Yakiwa makali kama sindano kwenye kiungo, niache hapohapo nimwambie. Siku tatu kwa wiki, siku ya kati ni ya kupumzika. Je, kama anataka nilegee?

Jumatatu, 17 Februari

Naongeza kidogo kidogo kila wiki. Baada ya zile nguzo nne, mazoezi ya nyongeza: kulala chali na kuinua nyonga, kujishikilia kwa viwiko mwili umenyooka kama ubao, kutembea na ndoo mbili za mchanga toka ukutani hadi ukutani. Ndoo ndizo zinaniua. Kocha anasema nyonga na tumbo visipokuwa na nguvu, mgongo ndio unaolipia.

Kila mtu ana kadi yake. Kocha anaandika tarehe, zoezi, uzito. Kadi zote anazitupia kwenye boksi la viatu bila mpangilio wowote. Imeniuma, kama karani.

Kaka kapiga simu. Kamuuliza Mama, siyo mimi, kama ninakula vizuri. Tangu lini anajali ninachokula?

Jumatatu, 10 Machi

Sitini! Nimetoa sitini sakafuni, mara tatu, mgongo haukujikunja. Chuma cha ishirini, pleti mbili za ishirini. Baba ni hamsini na nane. Nimerudi nyumbani natembea katikati ya barabara.

Baba alikuwa kwenye kiti chake. Neno lililombakia ni moja tu: "Haya." Haya ya njaa, haya ya usingizi, haya ya kukataa. Nikamwonyesha mkono wangu. Aliubonyeza kwa mkono wake wa kulia, ule mzima, kama alivyokuwa akibonyeza mbao kabla ya kununua. "Haya," kasema.

Zimebaki siku tano.

Jumatano, 12 Machi

Kuna kitu hakiko sawa na zile pleti.

Nilikuwa nimechuchumaa, nachomeka ya pili. Namba ishirini imepakwa kwa rangi nyeupe mpya. Chini ya rangi, pembeni, kuna mkia wa namba nyingine. Namba iliyofutwa naijua nikiiona. Miaka miwili nimekaa masijala nikitafuta tarehe zilizofutwa kwenye majalada. Nikaangalia ya pili: vilevile. Ya kilo kumi: vilevile. Zote zimepakwa mara mbili!

Kocha alikuwa ananitazama kwenye kioo.

Alhamisi, 13 Machi

Nimechukua mizani ya vifurushi ya ofisi. Nimejaza daftari la vifaa: "kupima vifurushi". Ni uongo wangu wa kwanza wa maandishi tangu niajiriwe. Nikaharibu saini, nikaiandika upya.

Saa ya chakula cha mchana jimu ilikuwa tupu. Kocha alikuwa nje, anaongea na simu. Pleti ya ishirini: kilo kumi na sita na pointi tatu. Nikapima tena. Kumi na sita na pointi tatu.

Kwa hiyo sitini yangu ni hamsini na mbili na kitu. Na chuma chenyewe? Hakienei kwenye mizani. Labda nacho ni uongo.

Nilikaa sakafuni. Nimeelewa yote, nikajiambia. Kaka kaniwekea kikaratasi. Kaka na Kocha lao moja. Wananijaza kichwa, Jumamosi nijitokeze kifua mbele, nishindwe mbele ya Mama, mzee abebwe.

Kocha kaingia, kakuta mizani katikati ya sakafu. Nikamuuliza nani alimwambia anidanganye. Sauti ilinitoka nyembamba kama ya mtoto.

Alikuna kichwa. Kasema hakuna aliyemwambia. Mwaka jana kulikuwa na kijana hapa, ana haraka, kila siku anadai aongezewe, kadi yake anamwonyesha kila mtu. Siku moja kaenda kuinua mtu nyumbani, kainama kama anayeokota sarafu, mgongo ukakwama. "Tangu hapo nikazipaka upya, namba ziwe kubwa kuliko uzito. Wenye sifa wanaridhika mapema."

"Mimi sina sifa! Mimi nilitaka namba ya kweli!"

"Hilo," kasema, "sikulifikiria." Akaonekana ameona aibu kwelikweli. Au anajua kuigiza.

Ijumaa, 14 Machi

Sikutaka kurudi. Nimerudi.

Kocha kamkalisha Bonge kwenye benchi. Kaniambia: chuma ni maiti, hakikusaidii hata gramu moja, lakini mzee wako ana mguu mmoja mzima na mkono mmoja mzima. Umehesabu kilo zake zote, hukuhesabu mguu. Habari za mzee sikumpa mimi! Lakini mguu sikuuhesabu. Ni kweli. Wiki sita nimemhesabu Baba kama mzigo wa posta.

Bonge: "Mimi mgonjwa, dada. Nihurumie, nimekula."

Kiti upande wa mwili wenye nguvu, breki zifungwe. Asogee ukingoni mwa kitanda. Mguu mzima ukanyage chini. Goti langu lizuie goti lake bovu. Nichuchumae, nimkumbatie mgongoni karibu kabisa, nikaze tumbo, tuhesabu pamoja, nisukume sakafu. Tukisimama tugeuke kwa hatua ndogo, kiuno kisijipinde.

Moja, mbili, tatu — tukasimama! Bonge ana kilo tisini na zaidi! Sikumbeba. Tulisimama wote wawili.

Lakini alitumia mguu mmoja, kama alivyoagizwa? Au yote miwili, kwa huruma? Niliutazama ule wa kushoto. Sikuuona vizuri.

Kocha kaenda kujaza maji. Nikataka kadi yangu, nijue imeandikwa nini. Boksi lile! Vidole vyangu vikaanza kupanga vyenyewe, kadi za zamani nyuma, mpya mbele. Nikakuta ya Kaka.

Kaijaza mwenyewe juu, jina na namba ya simu. Saba mbili, zote zimekatwa kistari. Kaanza wiki ambayo Baba alilazwa, alipokuja kukaa kwetu. Uzito unapanda kila siku, hakuna siku ya kupumzika. Mstari wa mwisho ni wa siku mbili baada ya Baba kutoka hospitali, mwandiko wa Kocha: "Mgongo. Asiguse chuma tena. Asiinue mtu."

Nyumbani alituambia ana safari ya kikazi. Wiki tatu hakuonekana.

Nimeirudisha kadi mahali pake. Sijamuuliza Kocha. Sijui kama nimwamini Kaka zaidi au nimwogope zaidi. Anacheka, halafu ananiwekea anwani. Anataka niweze? Au anataka awepo mwingine aliyeshindwa?

Jumamosi, 15 Machi

Jikoni, saa mbili asubuhi. Naandika kwa haraka.

Jirani kaondoka. Kaka kafika tangu saa moja, na gari la kukodi, na dereva amekaa ndani yake. Nguo za Baba ziko kwenye begi tayari. Nani kazipanga? Mama anamvalisha Baba shati chumbani. Akimaliza ataniita.

Nimeoga. Nimevaa viatu bapa. Nimekwenda na ndoo mbili za maji uani, mara nne, mwili upate joto. Miguu imekanyaga imara. Ajabu.

Kaka kaja mlangoni sasa hivi. Kasema, "Karani, bado hujachelewa kukubali." Funguo zikamponyoka. Nikamtazama akiziokota. Hakuinama. Alishika ukuta, akapiga goti moja polepole, mgongo umenyooka kama ubao, jasho usoni. Akainuka. Akaona nimeona.

Akazitia mfukoni. Halafu akasema, kwa sauti ambayo Mama asingeisikia: "Mshike karibu. Mimi nilimshika mbali."

Amerudi sebuleni. Hajamwambia dereva azime gari. Bado linanguruma.

Mama ananiita. Baba anasema haya, haya, haya.

Ukiwa umefika hadi hapa na unanitaka, usipige simu, nimeizima. Usigonge mlango wa mbele, Kaka ameukalia. Zunguka kwa nyuma, pita kwenye kamba za nguo. Dirisha la pili, pazia la kijani, ndicho chumba cha Baba. Ita kwa sauti ya chini. Nisipofungua usiondoke, ngoja hapohapo: mikono yangu yote miwili itakuwa imemshika Baba.